Percy Julian: mkemia wa soya na vidole vya mamangu

Mwezi uliopita picha moja ilizunguka katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Mzee mweusi, amevaa koti jeupe la maabara, na chini yake maandishi kwamba huyu ndiye mtu mweusi aliyevumbua kotisoni, kisha Wazungu wakamdhulumu sifa yake. Vijana waliisambaza kwa fahari. Nilitaka kujibu papo hapo, nikajizuia, maana jibu lenyewe haliingii katika mistari miwili ya simu. Nimefundisha kemia katika shule za upili hapa Pwani kwa miaka 29, na Percy Julian ni mtu ninayemjua kuliko baadhi ya jamaa zangu. Kotisoni hakuivumbua yeye. Alichofanya ni kikubwa zaidi, ila kukieleza inanibidi kwanza nimtaje mamangu.

Marehemu mamangu alikuwa mshonaji kofia. Si za mashine. Nazungumzia kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kofia moja ikakula miezi. Alipofika miaka arubaini na kitu vidole vyake vikaanza kuvimba. Asubuhi alikuwa hawezi kushika kikombe cha chai, seuze sindano. Watu walisema ni hasidi, wengine wakasema ni upepo wa bahari. Ilikuwa baridi yabisi. Daktari mmoja alimwandikia tembe ndogo nyeupe ziitwazo prednisoloni, na siku ya nne nilimkuta barazani anakata vitunguu mwenyewe, huku machozi yanamtoka, na hayakuwa ya vitunguu.

Baada ya miezi kadhaa uso wake ukawa wa mviringo. Majirani wakamwambia amenawiri. Yeye alijua si kunawiri. Usiku halali, miguu inavimba, ngozi ya mikono imekuwa nyepesi kama karatasi ya sambusa. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, nikaona aibu kwamba ninafundisha kemia na siwezi kumweleza mamangu kwa nini tembe moja imemrudishia vidole na kumbadilisha uso. Nikaanza kusoma. Hapo ndipo nilipokutana na Julian.

Alizaliwa tarehe 11 Aprili 1899 katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa karani wa barua katika treni za posta, mama yake mwalimu. Babu yake alizaliwa mtumwa, na mkono wake ulipungukiwa vidole viwili. Vilikatwa kwa kosa la kujifunza kusoma na kuandika. Kwa hivyo kijana huyu alikua nyumbani ambapo kitabu kilikuwa na bei inayoonekana kwa macho kila babu anapoinua mkono.

Mji wao haukuwa na shule ya upili ya serikali kwa watoto weusi. Alisoma katika chuo kidogo cha walimu, na mwaka 1916 akapokelewa Chuo Kikuu cha DePauw, Greencastle, jimbo la Indiana. Alikuwa nyuma ya wenzake kwa miaka miwili ya masomo, basi mchana akahudhuria masomo ya chuo na jioni akasoma ya shule ya upili. Bweni hakupewa. Mwishowe alipata kulala darini katika nyumba ya wanafunzi wa kizungu, naye akawa mhudumu wao wa meza na mtia makaa wa tanuri lao. Mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Wazazi wake walihamia Greencastle ili na wadogo zake wasome.

Ungedhani njia imefunguka. Haikufunguka. Wenzake walipewa nafasi za kuendelea na udaktari. Yeye akaambiwa aende kufundisha vyuo vya watu weusi. Akafundisha Fisk, kisha akapata ufadhili wa kwenda Harvard, akachukua shahada ya uzamili mwaka 1923. Nafasi ya kufundisha huko alinyang'anywa, kwa hofu kwamba wanafunzi wa kizungu watachukia kufundishwa na mtu mweusi. Akarudi kufundisha. Hadi mwaka 1929 ndipo alipopata ufadhili wa kumpeleka Vienna, Austria, kwa mwalimu aitwaye Ernst Späth, bingwa wa kuchambua dawa za mimea. Vienna alikula, akacheza tenisi, akaenda opera, akakaa na watu nyumbani mwao bila mtu kumwonyesha mlango wa nyuma. Alipata udaktari mwaka 1931, na lugha ya Kijerumani aliyojifunza huko ilikuja kumlisha baadaye.

Aliporudi alifundisha Howard, Washington, akaondoka kwa kashfa: ugomvi wa ofisini, barua zake za faragha zikachapishwa gazetini, na mapenzi na mke wa mwenzake. Wapo waandishi wanaoiruka sehemu hii. Mimi sioni haja. Mtu ni mtu. Mwanamke huyo, Anna, aliachika, na mwaka 1935 Julian akamwoa. Bi Anna mwenyewe alikuwa msomi wa kujitegemea, akapata udaktari wa sosholojia mwaka 1937, na waliishi pamoja mpaka kifo.

Mwalimu wake wa zamani alimrudisha DePauw, kwa mshahara mdogo na bila cheo. Huko ndiko alikoanza kazi ya mbegu ya Calabar. Hii ni mbegu ya mtambaazi wa Afrika Magharibi, na watu wa Calabar, Nigeria, waliitumia kwa kiapo: mshukiwa hunyweshwa maji yake, akitapika ameponyoka, asipotapika amekufa na hatia yake. Sisi Pwani tunavijua viapo vya namna hiyo, si lazima nieleze. Ndani ya mbegu ile mna fizostigmini, dawa iliyotumika kupunguza shinikizo la maji ndani ya jicho lenye ugonjwa wa glakoma. Kuitengeneza kutoka mwanzo maabarani kulikuwa kumewashinda wengi, na Robert Robinson wa Oxford, mmoja wa wakemia wakubwa wa zama hizo, alikuwa tayari amechapisha njia yake. Julian na mwenzake kutoka Vienna, Josef Pikl, walipata matokeo tofauti na ya Robinson. Akachapisha kwamba bwana mkubwa amekosea. Kama angekuwa yeye ndiye aliyekosea, hakuna ambaye angemwajiri tena. Mwaka 1935 fizostigmini yao ilipopashwa moto iliyeyuka kwenye nyuzi zilezile za ile ya asili. Ubishi ukaisha.

Katika kazi hiyo alikumbana na jambo la kando. Mafuta ya mbegu ya Calabar yaliyoachwa yakae yalitoa fuwele nyeupe. Zilikuwa za stigmasteroli, ambayo jina lake limetoka kwa mmea huohuo. Wengi wangeitupa. Julian aliitambua kuwa ni ndugu wa homoni za binadamu, na hapa naomba msomaji anivumilie nieleze udugu huo, kwani maisha yake yote yaliyobaki yalizunguka hapo.

Chukua kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Unaweza kuchapisha doti mbili zenye pindo moja na mji mmoja, rangi moja, kisha ukabadilisha jina peke yake. Moja utampelekea mkwe wako kwa heshima, nyingine ukimpelekea jirani mtagombana hadi kwa mzee wa mtaa. Nguo ni ileile. Kilichobadilika ni maneno machache yaliyoandikwa pale chini.

Steroidi ni hivyo. Zote zina kiunzi kimoja: kaboni 17 zilizofungana kuwa pete nne, tatu za pembe sita na moja ya pembe tano, zimegandana ubavu kwa ubavu. Wakemia wamezipa kaboni hizo nambari kama nyumba za mtaa. Kiunzi hakibadiliki. Kinachobadilika ni nini kimening'inia kwenye nambari gani. Testosteroni na estradioli, homoni ya kiume na ya kike, zinatofautiana pete ya kwanza tu: ya testosteroni ina kaboni moja ya ziada juu ya nambari 10 na oksijeni iliyofungwa kwa kifungo cha mara mbili kwenye nambari 3. Iondoe kaboni ile, vipange upya vifungo vya pete hiyo, umepata estradioli. Mwili wenyewe hufanya kazi hiyo kila siku, wa mwanamume na wa mwanamke. Ndevu na matiti vimetengwa na kitu kidogo kiasi hicho.

Weka mkia mfupi wa kaboni mbili kwenye nambari 17 na urudishe oksijeni ya nambari 3 na kaboni ya nambari 10, umepata projesteroni, inayoshikilia mimba. Ongeza oksijeni kwenye nambari 11, 17 na 21, umepata kotisoli, ambayo figo hawaitoi, hutolewa na tezi zilizokaa juu ya figo, nayo hupoza uvimbe na kupandisha sukari ya damu. Hata ile sumu ya mishale iliyopikwa na wenzetu wa bara ya Pwani kutoka kwa miti ya jamii ya Acokanthera, ambayo Wawaata waliangushia ndovu, ina kiunzi hichohicho, ila pete zake zimepinda kwa namna nyingine na zimebeba sukari ubavuni. Hiyo husimamisha moyo. Jina lake la kitaalamu, ouabain, limetoka kwa neno la Kisomali la sumu ya mshale.

Kwa nini nambari moja ilete tofauti hivyo? Homoni hizi zina asili ya mafuta, kwa hivyo hupenya ukuta wa seli bila kubisha hodi. Ndani hukutana na protini iitwayo kipokezi, yenye tundu linaloifuata steroidi fulani kwa umbo. Oksijeni ikiwa mahali pake, inashikwa. Ikikosekana, au ikielekea chini badala ya juu, steroidi inatelezea nje au inakaa bila kufanya lolote. Ikishikwa barabara, kipokezi hubadilika umbo, hushika DNA kwenye kiini cha seli, na kuamua jeni zipi ziamke na zipi zilale. Ndiyo sababu tembe ya miligramu 5 inaweza kubadilisha mwili mzima.

Shida ya miaka ya 1930 ilikuwa kuzipata. Mwaka 1931 Adolf Butenandt wa Ujerumani alichuja lita 15,000 za mkojo wa polisi akapata miligramu 15 za homoni ya kiume. Hiyo haijazi hata kijiko cha chai. Wajerumani walionyesha pia kwamba stigmasteroli inaweza kugeuzwa projesteroni, na sababu yake imo katika umbo. Stigmasteroli ina mkia mrefu kwenye nambari 17, na katikati ya mkia mna kifungo cha mara mbili, kama kifundo cha muwa, pa kuukatia. Kolesteroli haina kifundo hicho. Ukitaka kuukata mkia wake unahatarisha pete zenyewe. Soya ina stigmasteroli, na mafuta ya soya Marekani yalikuwa mapipa kwa mapipa. Julian aliiandikia kampuni ya Glidden ya Chicago akaomba galoni tano za mafuta ya soya ya kujaribia.

Kazi alikuwa bado hana. DePauw ilikataa kumpa uprofesa. Taasisi moja ya karatasi katika mji wa Appleton, Wisconsin, ilitaka kumwajiri, ikakuta sheria ya mji inakataza mtu mweusi kulala humo usiku. Mmoja wa wakuu wa Glidden akasikia habari hizo. Kampuni yake ilikuwa imenunua mtambo wa Kijerumani wa kukamua soya na ilihitaji mkemia anayejua Kijerumani. Mwaka 1936 Julian akawa mkurugenzi wa utafiti wa kitengo cha soya, kazi ambayo mtu mweusi hakuwahi kupewa katika kiwanda kikubwa cha Marekani. Alianza na protini ya soya: gundi ya kupaka karatasi, rangi, na ile iliyokuja kutumika kutengeneza povu la kuzimia moto melini wakati wa vita.

Mwaka 1940 akapigiwa simu kwamba maji yamevuja ndani ya tangi la galoni 100,000 za mafuta safi ya soya na yote yameharibika. Kuna kitu cheupe kimetulia chini. Wengine waliona hasara. Julian alikiona kile cheupe alichokiona kwenye mafuta ya Calabar. Maji yalikuwa yamewafanyia bure kazi ya kutenganisha steroli. Kutoka hapo yeye na wenzake wakatengeneza njia ya kuzitoa steroli kwa wingi, wakizigeuza mafuta yawe kama povu gumu lenye matundu ili kiyeyushi kipenye, na kwa mara ya kwanza projesteroni ikatoka kiwandani kwa ratili badala ya miligramu. Ratili ya kwanza iliyouzwa ilisafirishwa na walinzi wenye bunduki, kwani thamani yake ilikuwa dola 63,500. Testosteroni ikafuata.

Hakuwa peke yake katika mbio hizo, na haifai tumfanye peke yake. Huko Mexico, Russell Marker aligundua kwamba kiazi kikuu cha mwituni kina diosijenini, nayo inageuka projesteroni kwa hatua chache zaidi. Bei zikaporomoka kutoka pande zote mbili.

Sasa tufike kwenye kotisoni. Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo, Minnesota, Philip Hench alimdunga mama mmoja aliyelemazwa na baridi yabisi dawa ambayo mwenzake Edward Kendall alikuwa ameichambua kutoka kwa tezi. Siku chache baadaye mama yule alitembea. Nikisoma habari hizo namwona mamangu na vitunguu vyake. Kampuni ya Merck ndiyo iliyotengeneza dawa hiyo, kutoka kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30. Gramu moja iliuzwa kwa dola 200. Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1950. Kwa hivyo, vijana wangu wa WhatsApp, hao ndio wenye kotisoni.

Julian alikamata kitu kilichokaa mlango wa jirani. Katika tezi zilezile mna steroidi iliyoitwa Substance S. Ni kotisoli kamili isipokuwa kitu kimoja: haina oksijeni kwenye nambari 11. Kwa sababu ya upungufu huo mmoja haipozi uvimbe wala haifungui vidole vya mtu. Mwaka 1949 Julian alitangaza njia rahisi ya kuitengeneza kutoka soya. Magazeti yalishangilia mapema mno, yakaandika kana kwamba dawa ya baridi yabisi imepatikana, na uongo wa ile picha ya WhatsApp nadhani ulizaliwa siku hizo. Nambari 11 ndiyo ngumu kuliko zote. Iko katikati ya pete, mbali na kila mahali ambapo mkemia anaweza kushika. Nyongo ya ng'ombe ina oksijeni kwenye nambari 12, hivyo Merck walilazimika kuihamisha hatua moja kwa jasho la miaka.

Walioifungua nambari 11 walikuwa kuvu. Mwaka 1952 Durey Peterson na Herbert Murray wa kampuni ya Upjohn walilisha projesteroni kwa kuvu wa jamii ya Rhizopus, na kuvu wakaiweka oksijeni pale kwa usiku mmoja, ingawa ilielekea chini na ikabidi igeuzwe baadaye. Kuvu wengine waligunduliwa wa kuiweka juu ya Substance S moja kwa moja, ikielekea juu kama inavyotakiwa. Hapo kazi ya Julian ikapata mkono wake wa pili. Soya hadi Substance S ilikuwa njia yake. Oksijeni ya mwisho iliwekwa na kuvu. Bei ikashuka kutoka dola 200 kwa gramu hadi ya kuwafikia watu kama sisi. Mtu anayesema Julian alivumbua kotisoni anampa sifa ya wengine na kumnyima yake, nayo ni kwamba maskini waliipata.

Na sisi Afrika Mashariki tulikuwemo, pasi na kujua. Waingereza hawakuwa na kiazi cha Mexico, basi kampuni ya Glaxo ikageukia mkonge wetu. Maji yanayotiririka wakati jani la mkonge linapokwanguliwa, yale yaliyokuwa yakimwagwa na kunuka, yana hekojenini, steroidi yenye oksijeni kwenye nambari 12. Miaka ya 1950 takataka za mkonge wa Kenya na Tanganyika zilikaushwa na kupelekwa Uingereza kutengenezwa kotisoni. Babu zetu waliokata mkonge walilipwa kwa nyuzi tu.

Nyumbani kwake, huku sifa zikipanda, Julian hakuachwa alale. Mwaka 1950 gazeti moja la Chicago lilimchagua mtu wa mwaka wa jiji. Mwaka huohuo alinunua nyumba Oak Park, mtaa wa wenye nazo pembeni mwa Chicago. Kabla hawajahamia, watu walivunja na kumwaga petroli ndani wakitaka kuichoma. Juni 1951 baruti ilirushwa kutoka gari lililokuwa likipita, ikaripuka nje ya chumba walimolala watoto. Yeye na mkewe walikuwa safarini kumzika baba yake. Baadaye mwanawe alisimulia jinsi alivyokaa usiku na baba yake mtini, bunduki mkononi, wakilinda nyumba. Mtu aliyeishi kwa kutafuta ni wapi oksijeni moja imekaa, usiku anahesabu taa za magari. Hawakuhama.

Mwaka 1953 aliiacha Glidden akafungua maabara zake mwenyewe, akaajiri wakemia weusi na wanawake ambao viwanda vingine viliwafungia mlango. Akaenda Mexico kununua viazi, akanyimwa kibali. Aliyemwokoa alikuwa Myahudi ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumsaidia kukimbia Wanazi huko Ulaya. Huyo ndiye aliyemtafutia viazi hivyo Guatemala. Mwaka 1961 aliuza kampuni kwa dola milioni 2.3. Mwaka 1973, akiwa na miaka 74, Chuo cha Kitaifa cha Sayansi cha Marekani kikamchagua, mkemia mweusi wa kwanza kuingia humo. Alifariki kwa saratani ya ini tarehe 19 Aprili 1975.

Wakati huo wengine walikuwa wameendelea kuandika majina mapya juu ya kanga yake. Mwaka 1955 kifungo kimoja tu cha mara mbili kati ya nambari 1 na 2 kilizaa prednisoloni, yenye nguvu kama mara nne ya kotisoli. Ndiyo ya mamangu. Florini kwenye nambari 9 na kaboni kwenye nambari 16 zikazaa deksamethasoni, kali maradufu tena. Vidole vilivyofunguka na uso uliovimba vilitokana na kipokezi kilekile, kwani kipokezi hicho kimo vidoleni, kimo usoni, mifupani na kwenye ini. Hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta, na nilimpa mamangu jikoni kwa kutumia kanga zake mbili. Aliuliza kama haiwezekani kupata yenye jina zuri upande mmoja tu. Wakemia wamehangaika na swali hilo miaka 70 na hawajamaliza.

Naliandika hili pia kwa ajili ya mpwa wangu. Mwaka jana, miezi mitatu kabla ya harusi yake, alikuja kwangu na uso mwekundu, mishipa inaonekana, chunusi zimemjaa. Alikuwa akipaka krimu ya kung'arisha, alinunua dukani bila cheti. Nilisoma maandishi madogo ya boksi: klobetasoli. Ni kiunzi kilekile cha Julian, kina florini nambari 9, klorini nambari 21, na imetengenezwa ipenye ngozi kwa ukali kupita karibu zote. Daktari huiandika kwa ukurutu mkaidi, kidogo, kwa wiki chache, na si usoni. Hung'arisha kweli, na hukonda ngozi, na ikipakwa sana huingia damuni hadi tezi za juu ya figo zikaacha kazi, ndiyo maana mtumiaji wa muda mrefu, wa krimu au wa tembe, haifai aache ghafla bila daktari. Kuna mabinti wengine wanameza deksamethasoni wanenepe mapaja. Wauzaji huita tembe za kunenepesha, jina lake halisi hawalitaji.

Mpwa wangu alipelekwa kwa daktari wa ngozi, akapunguziwa pole pole, na harusi ikasogezwa miezi miwili. Mamake alikasirika kwa ajili ya ukumbi uliokwisha lipiwa. Nilimwonyesha ile picha ya kwenye kundi, mzee na koti lake jeupe, na kwenye karatasi nikamchorea pete nne, nikaweka nambari. Alitaka kujua ni ipi iliyomchoma. Nikamwekea kidole kwenye 9.